Wadudu Kwenye Kuta za Eastlands: Tathmini ya Tamasha la Sanaa ya Mtaani kwa Familia

Tamasha la sanaa ya mtaani lililofanyika mwishoni mwa juma lililopita katika mtaa mmoja wa zamani wa Eastlands, nyuma ya Barabara ya Jogoo, lilikuwa na lengo ambalo ni nadra kulisikia likitangazwa jijini: kuwaleta watoto pamoja na wazazi wao mbele ya kuta zilizochorwa wadudu, na hasa wadudu wanaoishi kwenye nyua, mitaro, miti na maua ya Nairobi yenyewe. Naandika tathmini hii kwa ajili ya mzazi anayejiuliza kama inafaa kuwapeleka wanawe litakapoandaliwa tena, na pia kwa ajili ya waandaaji, ambao wamefanya kazi kubwa na wanastahili kuambiwa ukweli. Jibu langu kwa mzazi ni kwamba awapeleke bila kusita. Kwa waandaaji nasema hivi: tamasha lilifana kila mahali ambapo mchoro uliwekwa karibu na mdudu aliyechorwa, na lilipwaya pale ambapo mchoro ulitosheka na kupendeza tu.

Ukuta uliopita zote kwa ubora ulikuwa wa nyumba ya ghorofa moja iliyo karibu na lango la kuingilia, ambao chini yake umeota mlimau wa miaka mingi. Msanii aliugawa ukuta huo katika sehemu nne na akachora maisha ya kipepeo anayetaga mayai yake kwenye majani ya milimau na michungwa, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus, na ambaye wakazi wengi wa Nairobi wamemwona akipita bila kujishughulisha naye. Sehemu ya kwanza ilionyesha yai la manjano lililobandikwa kwenye jani. Ya pili ilikuwa na kiwavi mchanga mwenye rangi ya kahawia na doa jeupe mgongoni, anayefanana na kinyesi cha ndege, na hivyo ndege humpita bila kumtamani. Ya tatu ilimwonyesha kiwavi huyo huyo akiwa amekua na kugeuka kijani, na ya nne, iliyopanda mpaka chini ya paa, ilikuwa na kipepeo aliyetoka kwenye pupa muda mfupi uliopita, akiwa ameshikilia kijiti huku mabawa yake yakiendelea kunyooka na kukauka.

Mchoro huo ungekuwa mzuri hata ukiwa peke yake, lakini kilichoupa uzito ni kwamba mlimau wenyewe ulikuwa na viwavi. Kijana aliyewaongoza watoto, ambaye wao walimwita mwalimu, hakuwaonyesha chochote kwa kidole. Aliwaambia tu watafute kinyesi cha ndege kwenye majani, kisha akanyamaza akawaacha. Walizunguka mti wakiinua matawi kwa uangalifu, na haikuchukua muda msichana mmoja akapiga kelele kwamba kinyesi chake kinatembea. Baadaye mwalimu alichukua unyasi mkavu akamgusa kiwavi mkubwa wa kijani nyuma ya kichwa, naye kiwavi akatoa ghafla kiungo chenye pembe mbili laini za rangi ya machungwa, na harufu kali ya limau lililochacha ikasambaa mpaka kwetu sisi wazazi tuliosimama nyuma. Hiyo ndiyo silaha yake dhidi ya sisimizi na maadui wengine wadogo. Watoto waliosukumana kutaka kunusa walikuwa ni wale wale ambao, saa moja kabla, walikuwa wakivutwa mkono na kulalamikia jua.

Mwenye mlimau, bibi ambaye watoto wa mtaa wote humwita shosho, alieleza kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiwaondoa viwavi hao na kuwakanyaga. Mwalimu alimjibu kwa heshima na kwa ukweli: kwenye mche mchanga viwavi hao wanaweza kumaliza majani yote, na hapo mwenye mche ana haki ya kuwaondoa, lakini mti uliokomaa hauumizwi na viwavi wachache, na majani yatachipua tena. Mazungumzo hayo yalistahili kusikiwa na watu wengi zaidi, kwa sababu ndiyo yanayoamua kama mtaa wenye vipepeo kwenye kuta utabaki pia na vipepeo wenye uhai.

Inafaa kusema neno juu ya mikono iliyochora. Wasanii kadhaa wa tamasha hili wamejifunzia kazi yao katika gereji za kupamba matatu, na inaonekana. Wanajua kupuliza rangi kwa tabaka nyembamba mpaka kivuli kizame chenyewe bila mstari, na wanajua kukifanya kitu bapa kionekane kimejaa. Kereng'ende aliyechorwa kwenye ukuta mrefu wa ukumbi wa mtaa alikuwa na macho yanayong'aa kama taa za mbele za matatu mpya, na mabawa yake yalipulizwa kwa wepesi kiasi kwamba matofali ya chini yalionekana kupitia humo. Ni ufundi wa hapa hapa, uliokuzwa barabarani, na niliona fahari kuuona ukitumika kwa kiumbe mdogo anayekula mbu.

Hata hivyo, uhodari wa mkono hauondoi wajibu wa kutazama. Nyuki mkubwa kuliko wadudu wote wa tamasha, aliyechukua ukuta mzima unaoelekea uwanja wa michezo, alikuwa amechorwa na miguu inayotokea tumboni na mabawa mawili peke yake. Nyuki ana mabawa manne, na miguu yake sita, kama ya kila mdudu, hutokea kifuani, katikati ya kichwa na tumbo. Mtu anaweza kusema kwamba sanaa ina uhuru wake, nami nakubali pale ambapo msanii amechagua kubadilisha umbo kwa sababu fulani. Hapa palikuwa na kibao chini ya mchoro kilichowaalika watoto wahesabu sehemu za mwili wa mdudu, na mtoto aliyehesabu kwa makini alipewa jibu lisilo sahihi na ukuta wenyewe. Kosa hili lingezuiwa kwa kumpa msanii nyuki mmoja aliyekufa na kioo cha kukuzia vitu kwa nusu saa kabla hajapanda ngazi.

Kosa la pili la aina hiyo ni dogo kwa macho lakini kubwa kwa nia ya tamasha. Ukuta mmoja ulipambwa kwa vipepeo wa rangi ya machungwa wenye mishipa myeusi, na maelezo yake yalisimulia safari yao ndefu ya kuvuka Marekani kwenda Mexico. Hadithi hiyo ni ya kweli na ni ya ajabu, lakini ni hadithi ya huko. Nairobi ina ndugu wa kipepeo huyo, Danaus chrysippus, wa rangi ya machungwa vilevile, mwenye ncha nyeusi na madoa meupe kwenye mabawa, ambaye huonekana kwenye viwanja vyenye magugu na kando ya reli. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini mpaka anapokuwa kipepeo, kiasi kwamba ndege akimwonja mmoja hujifunza kuwaacha wengine. Kuna hata kipepeo mwingine wa hapa, asiye na sumu yoyote, ambaye jike lake limeiga rangi hizo kwa ukamilifu hivi kwamba mtu anahitaji kutazama sana ili kuwatofautisha. Fikiria ukuta ambao ungewachora hao wawili bega kwa bega na kumwuliza mtoto yupi ni mwongo. Utajiri huo uko hapa mtaani, na uliachwa ili kuchukuliwa picha ya mbali.

Ukuta wa mdudu anayejulikana na kila mtu kama Nairobi fly ulinifurahisha kwa sababu ulizungumza na hofu halisi ya watu. Si nzi, ni mbawakawa mwembamba, mwenye kichwa cheusi, kifua cha rangi ya machungwa na vifuniko vifupi vya mabawa vyenye mng'ao wa buluu na kijani, na msanii alizipata rangi hizo barabara. Pembeni yake yaliandikwa maneno makubwa: “Nipulize, usiniponde.” Maelezo yaliyofuata yalikuwa mafupi na sahihi. Mdudu huyu haumi wala hana mwiba. Kinachochoma ngozi ni pederini, sumu iliyo ndani ya mwili wake, ambayo humwagika mtu anapomponda. Malengelenge hayatokei papo hapo, hutokea baada ya siku moja au mbili, na ndiyo maana watu huamka na kidonda bila kujua kilikotoka. Anayemwona ngozini amwondoe kwa kumpuliza au kwa karatasi, na aliyemponda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi bila kugusa macho. Wazee waliokuwepo walikumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998, wakati wadudu hawa walipojaa majumbani, na mmoja wao alionekana kushangaa kusikia kwamba shambani ni msaada, kwa kuwa hula wadudu wadogo wanaoharibu mimea.

Kwa sababu hiyo, sikuelewa uamuzi wa kuwasha taa kali nyeupe juu ya kuta jioni ili watu waendelee kupiga picha. Nairobi fly huvutwa na mwanga wa usiku, na nondo pia, ambao huzunguka taa mpaka wakachoka badala ya kwenda kwenye maua. Kuwakusanya watoto chini ya taa hizo, mita chache kutoka kwa ukuta unaowaonya, ni kupingana na ujumbe uliolipiwa rangi. Tamasha la wadudu lingefunga milango jua linapotua, au lingetumia taa chache za manjano zilizoelekezwa chini.

Nitapita haraka kwenye michoro ya mashujaa wa mazingira, ambayo ilikuwa ya kawaida, isipokuwa mmoja. Katika uchochoro mwembamba, mahali ambapo wengi hawakufika, kulikuwa na sura ya Profesa Thomas Odhiambo, mwanasayansi Mkenya aliyeanzisha icipe mwaka wa 1970, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu ambacho makao yake, Duduville, yako Kasarani katika jiji hili hili. Msanii alimchora mbele ya vitambaa viwili, cha buluu na cheusi. Nilidhani ni mapambo mpaka mwongozaji alipoeleza kwamba mbung'o, yule anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, huvutwa na rangi ya buluu, hutua kwenye nyeusi, na kwamba mitego ya vitambaa vya rangi hizo imetengenezwa kwa kufuata tabia hiyo. Hapo ndipo sanaa na elimu vilipokutana bila mmoja kumbeba mwenzake. Ukuta huo ulipaswa kuwa mbele, kwenye uwanja, alipokuwa nyuki wa mabawa mawili. Mtoto wa Eastlands anastahili kujua kwamba mtu wa kwao alitumia maisha yake kuwachunguza wadudu, na kwamba dunia nzima ilikuja Nairobi kujifunza.

Kiingilio kilikuwa bure, na warsha zililipiwa shilingi 200 kwa mtoto, bei ambayo naiona ni ya haki kwa vifaa vilivyotolewa. Warsha ya kutengeneza wadudu kwa nyaya, vifuniko vya soda na vipande vya slipa zilizochakaa iliongozwa na mafundi wa jua kali wenye subira isiyo ya kawaida, lakini watoto wa miaka minne walichanganywa na wa miaka kumi na miwili kwenye meza moja yenye gundi ya moto na koleo. Wangetenganishwa. Warsha ya kuchora ilipangwa vizuri zaidi: rangi za kupuliza ziliachwa kwa wasanii waliovaa barakoa, tena asubuhi kabla umati haujafika, na watoto wakapewa brashi, rangi ya maji na ukuta wao wenyewe wa chini. Makopo matupu ya rangi, hata hivyo, yalirundikwa kando ya mtaro hadi jioni, na kama mvua ingenyesha yangeelea na kwenda na maji. Waandaaji wanaozungumzia uhai wa mtaro hawawezi kusahau jambo hilo.

Kibanda kilichonishika muda mrefu kuliko vyote kilikuwa cha nyuki wasiouma. Mfugaji kutoka upande wa Kakamega alileta mzinga mdogo wa mbao wenye kifuniko cha kioo, na ndani yake mtu aliona vyungu vidogo vya nta na utomvu, vya mviringo, vilivyojaa asali, badala ya masega ya pembe sita tuliyoyazoea. Nyuki wenyewe ni weusi na wadogo sana, wadogo kuliko nzi wa nyumbani, na waliingia na kutoka kupitia bomba jembamba la nta walilolijenga mlangoni. Watoto waliweka mikono yao karibu bila hofu. Asali yake ni nyepesi na ina uchachu kidogo, na hupatikana kwa kiasi kidogo mno ikilinganishwa na ya nyuki wa kawaida, jambo linaloeleza bei yake. Mfugaji alijibu maswali yote, hata yale yaliyorudiwa, ila vipaza sauti vya jukwaa la muziki vilielekezwa moja kwa moja kwake, na waliosimama safu ya pili hawakusikia kitu. Muziki ulikuwa mzuri. Mahali pake ndipo palipokosewa.

Jirani yake kulikuwa na maonyesho ya mabuu ya nzi weusi wanaofugwa ili kula mabaki ya jikoni, kisha mabuu hayo yakakaushwa kuwa chakula cha kuku na samaki. Wazazi wengi waliziba pua kabla ya kukaribia, wakagundua kwamba harufu ni kidogo. Kwa jiji ambalo taka zake huishia Dandora, hili lilikuwa somo zito, na lilipewa meza ndogo kupita kiasi. Karibu nayo iliuzwa miche ya mrehani na alizeti kwa wanaotaka kuwalisha nyuki kwenye roshani, na kina mama wa mtaa walionyesha jinsi ya kupanda sukuma wiki kwenye gunia na kuacha mche mmoja au miwili ichanue kwa ajili ya wadudu badala ya kuing'oa yote.

Chakula kilikuwa cha kawaida: chapati, maharagwe, mahindi ya kuchoma. Kumbikumbi waliokaangwa na chumvi waliisha mapema, jambo ambalo linasema vya kutosha kuhusu ubora wao. Vyoo vilikuwa safi asubuhi na vichache alasiri. Kivuli hakikutosha kabisa, na mtu mwenye mtoto mchanga atahitaji mwavuli na maji yake mwenyewe. Vibao vingi viliandikwa kwa Kiingereza peke yake, katika mtaa ambao watu wake huzungumza Kiswahili kutwa kucha. Shosho mwenye mlimau alilazimika kuwauliza wajukuu maana ya maneno yaliyobandikwa kwenye ukuta wa nyumba yake. Hili si la kusubiri tamasha lijalo. Vibao vinaweza kubadilishwa juma hili.

Michoro imebaki, na si lazima kungoja mwaka mwingine ili kuiona. Matatu za Barabara ya Jogoo hukushusha mwendo mfupi kutoka langoni. Ni vyema kwenda asubuhi baada ya jua kupanda, kwa maana vipepeo hawaruki mpaka miili yao ipate joto, na kuanzia kwenye ukuta wa mlimau, kisha ukumbi wa mtaa, kisha uchochoro wa Profesa Odhiambo. Omba ruhusa kwa wenye nyumba kabla ya kuingia uani, usivunje matawi, na mchukulie mtoto kioo cha kukuzia vitu. Kwenye maduka ya vitabu ya katikati ya jiji hakiuzwi ghali, na hapa kitatumika.